Kiu ya Mgeni

Kazi yangu ni kuhesabu makontena, Kilindini, zamu ya usiku.
Hushuka mazito, kreni ikiguna;
hurudi melini matupu, yakilia kama debe.
Mwaka wa kumi na moja huu najiuliza
hayo tunayoyashusha huingia wapi,
mbona nchi haijai.

Jibu moja nililikuta chumbani mwangu, Magongo.

Lilikuja Jumatano, limefungwa kamba,
juu ya tuktuk ya mizigo iliyopanda kilima kwa dua.
Mejumaa kasimama mlangoni, leso mpya begani:
Kushoto. Polepole. Mlango huo, msiukwaruze!
Ua mzima umetoka kushuhudia,
Mama Mwaka na mwiko wake mkononi,
watoto wakisoma boksi kwa sauti,
kilo saba! kilo saba!
kama waliopokea habari za mzazi.

Mashine ya kufulia. Mia na hamsini kwa siku,
kwa simu, miezi kumi na minane.
"Mia na hamsini ni nini?" aliniuliza.
Ni mahamri na mbaazi za asubuhi, watu wanne.
Sikumwambia. Alikuwa akicheka
kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhamie hapa.

Tatizo, wacha nilitaje taratibu,
ni mfereji.
Ulikohoa mara ya mwisho mwezi wa Ramadhani,
ukatoa hewa, kutu na mende mmoja,
ukanyamaza.
Maji hapa huja kwa mkokoteni wa Ngowa,
dumu shilingi thelathini,
arubaini jua likiwaka.
Na mashine, kwa mujibu wa kitabu chake,
hunywa madumu manne kwa fuo moja.
Ngowa alihesabu kwa vidole, akatabasamu:
"Baba Saumu, huyu mgeni wenu ana kiu."

Tuliiwasha mara moja.
Mejumaa alipanda kiti, akaimiminia kwa ndoo,
madirisha yote yamejaa macho.
Ikaguna. Ikazunguka. Ikatetema hata ikasogea
kutoka ukutani, kama inayotaka kwenda zake.
Kisha tokeni za stima zikaisha.
Tukakuta shati langu la kazi limelikumbatia buibui lake
ndani ya povu lililopoa.
Tukazisuuza uani kwa mkono,
tukicheka, maana deni lilikuwa bado changa.

Siku hizi imevaa kitambaa cha kufuma.
Juu yake maua ya plastiki, rimoti, dawa ya kikohozi.
Tumboni tunaweka mchele, panya hawaufikii.
Mgeni akiingia huitupia jicho kabla ya salamu.
Mama Mwaka naye kanunua: kilo kumi.
Na wa chumba cha nyuma pia.
Mashine tatu, mfereji mmoja mkavu.

Saa mbili asubuhi simu hulia: *Mpendwa mteja.*
Hakuna mwingine aniitaye mpendwa.
Nilipomzika ami nikakosa siku tatu,
neno hilo likatoka, nikabaki *mteja*.
Wahenga walisema dawa ya deni kulipa;
hawakusema ugonjwa wenyewe huingilia mlango gani.

Lakini usimcheke Mejumaa.
Mamake alifua nguo za watu, Tudor, miaka thelathini.
Nilimwosha mikono siku moja akiwa mgonjwa:
vidole vimefumuka kama mkeka wa zamani,
sabuni ilimfanya aume mdomo.
Bintiye alikuwa ameshika bakuli.
Hakusema kitu.
Baada ya arubaini ya marehemu
ndipo aliponiuliza, mia na hamsini ni nini.

Jana usiku yalishuka mia mbili na sita.
Lori moja lilisimama mbele yangu, breki zikipumua.
Niliweka kiganja kwenye bati, bado lina ubaridi wa bahari,
nikajiuliza mle ndani mmefungwa
kiu ya nani.

Dereva akapiga honi.
Nikaandika namba. Nikamwambia, pita.